Mbwa akikataa bugali, usimfungulie lango

Ninyi mlio katika nyumba zenu na ninyi mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya makala sokoni. Nasema juu ya mbwa anayechagua chakula. Anayetaka kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho, kwa sababu ni watoto wetu wanaolipa.

Katika mitaa ya Goma na ya Bukavu, mwenye parsele anafuga mbwa wa kulinda. Siku za pesa, mbwa anatupiwa mabaki ya nyama na vichwa vya samaki. Pesa ikipotea, anawekewa bugali ya muhogo bila mboga. Mbwa ananusa, anageuka, anaenda kulala. Mwenyewe anakasirika: «Huyu ana kiburi. Aende ajitafutie!» Anafungua lango, na kwake mambo yamekwisha.

Kwake ndiyo, yamekwisha. Kwa wengine ndipo yanaanza. Mbwa huyo anaenda kwenye jalala, anaenda sokoni, anaenda pale familia zilizokimbia zimejenga vibanda vya maturubai visivyo na ua wala mlango wa kufunga. Huko anapigana na mbwa wengine, na huko anauma. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na kwamba watu 40 kwa kila 100 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Basi wewe uliyefungua lango, usiseme mbwa amejiendea. Umemtuma wewe.

Tena, mbwa hana kiburi. Akikataa chakula, kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni sisi: tumemzoeza. Baba anamtupia mfupa, mtoto anampa kipande cha samaki chini ya meza, mama anamwekea bugali. Mbwa anajifunza kungoja kilicho kizuri zaidi. Tena mbwa anakula kwa pua kwanza, na bugali ya muhogo peke yake haina harufu ya kumwita wala haina cha kujenga mwili wake.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Maji uliyochemshia sambaza au ndagala, pamoja na vichwa vyake, yamwage juu ya bugali na uvuruge. Usitie pilipili, wala kitunguu, kwa maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama sindano na kumchoma ndani. Muhogo mchungu ambao haujalowekwa vizuri ni sumu kwake kama ulivyo kwa mtu. Mpe saa ileile kila siku, na mtu mmoja tu ampe. Akikataa, ondoa sahani baada ya dakika 20 na umwachie maji safi. Mbwa mkubwa mwenye afya hafi kwa kuruka mlo mmoja, jioni atakula. Mtoto wa mbwa ni tofauti, huyo asikae na njaa.

Sababu ya pili ni ugonjwa: minyoo, jino bovu, au kichaa chenyewe. Mbwa aliyekuwa anakula vizuri akaacha ghafla, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti na tabia vimebadilika, huyo hachagui chakula. Wengi wanadhani mfupa umemkwama kooni, na wanaingiza mkono mdomoni ili kuutoa. Usifanye hivyo kamwe! Mfungie mahali pake, fukuza watoto hapo, ita daktari wa wanyama. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama ataugua.

Najua watakaonijibu: «Watoto wa wakimbizi wanalala njaa, wewe unahubiri chakula cha mbwa?» Nami nawajibu: ni kwa ajili ya watoto hao. Sijasema umnunulie nyama. Nasema usimlishe kwenye jalala ambalo watoto hao wanapita. Na mwenye pesa anayefikiri kununua sokoni pakiti ya Plumpy'Nut ili mbwa wake apate hamu, aone haya: pakiti hiyo ya gramu 92 ni dawa ya mtoto mwenye utapiamlo mkali.

Wengine watasema kutunza mbwa ni mambo ya wazungu. Si kweli. Mbwa wa msitu wetu anayeitwa leo Basenji aliwinda na babu zetu wa Ituri, akivaa kengele shingoni kwa kuwa habweki kama wengine, na wazungu wa London walimwona kwenye maonyesho yao mwaka wa 1895. 

Kwa hiyo, mwenye parsele, funga lango lako, mlishe mbwa wako, na umpeleke kwenye chanjo inapopatikana. Huwezi? Basi usifuge. Nanyi mashefu wa kata na wa nyumba kumi, mnajua kila mbwa ana mwenyewe nani. Mmuulize leo, kabla mama mmoja hajaanza kukimbia na mtoto mgongoni kutafuta chanjo usiku.