Tembe Hazishindi Chakula

Nasikitika kila nimwonapo mkulima wa Kibirichia akipakia karoti, njegere na kabichi kwenye lori, kisha akitumia sehemu ya malipo kuwanunulia wanawe tembe za vitamini, ilhali chakula chao cha jioni ni viazi vitupu.

Sisemi kwamba tembe hazina faida. Mama mjamzito hupewa kliniki tembe za kuongeza damu, na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6. Hizo zisikataliwe kamwe. Ninazozipinga ni zile zinunuliwazo bila ushauri wa daktari. Vitamini A ikizidi hurundikana katika ini na kudhuru.

Isitoshe, tembe hazishibishi, wala hazina nyuzinyuzi za mboga. Karoti zilizopikwa kwa mafuta kidogo humpa mtoto vitamini A. Chungwa baada ya githeri huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, chai huyazuia.

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Mkulima na atenge kikapu cha nyumbani kwanza, ndipo lori liondoke.