Mashini ya rangi ikipunguka nguvu, kidole mbali!

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama ambao mabwana wenu wanapaka rangi nyumba siku ya mapumziko,

Leo sisemi juu ya mgodi. Nasema juu ya ile pompi ya umeme ya kupulizia rangi. Watu wanaiogopa ikiwa na nguvu. Mimi naona hatari inaanza pale inapopunguka nguvu, kwani hapo fundi anakasirika: anaigonga, anachungulia ncha ya bastola, anaifuta kwa kidole.

Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Rangi ikatoka ghafula, ikampiga kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Palionekana kitone tu, kama cha sindano, bila damu. Kapita akamwambia: «Osha, rudi kazini.» Kesho yake ndipo alipokuja kwetu, kidole kimekuwa kigumu na cheupe. Mpasuaji alikifungua mpaka kiganjani, lakini hakuweza kukiokoa.

Tairi la motokari lina bar 2 hivi. Pompi kama hizi zinaweza kufika bar 200, na bar 7 tu zinaweza kutoboa ngozi. Basi hata ile mnayosema «imechoka» ina nguvu za kutosha. Rangi ikiingia inafuata mishipa ya kidole hadi kiganjani, na dawa ya kuyeyushia rangi inaunguza nyama kwa ndani. Saa 6 za kwanza zina thamani kubwa sana.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ubovu: zima, toa waya kwenye prizi, fungua ufunguo wa kurudisha rangi ndooni, kisha fyatua bastola ndani ya ndoo mpaka iishe nguvu. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu nguvu inabaki ndani ya tiyo. Mwisho funga kifyatuo.

Sasa tafuta. Mara nyingi ni uchafu: chujio la chini linalonyonya rangi, au lile dogo ndani ya mkono wa bastola. Rangi nzito isiyochujwa ndiyo inayoyaziba. Ichujeni kwa soksi ya nailoni ya zamani (mwombeni mama kwanza). Tiyo ya kunyonya ikilegea inavuta hewa. Ncha iliyolika tundu lake linapanuka, rangi inatoka kwa matone. Na ralonji! Waya mwembamba wa mita nyingi unakula umeme njiani. Jioni, umeme wa mtaa ukishuka, pompi haina kosa lolote, ngojeni asubuhi.

Wakubwa wa kazi, naomba mnisamehe, lakini sikubaliani na ninyi mnaopima kidonda kwa damu. Kitone hiki ni cha kupelekwa hospitali mara moja, mgonjwa akiwa ameinua mkono, pamoja na kopo la rangi ili daktari asome ni rangi gani. Msikikamue, msikifunge kamba. Na mseme wazi: «Rangi imeingia kwa nguvu ya pompi.» Bila neno hilo, hata mganga anaweza kudanganyika, akapaka dawa nyekundu tu.

Mama, bwana akirudi nyumbani akificha kidole mfukoni, mwangalieni. Mleteni usiku uleule, hata akisema hakiumi.