Kiingilio cha Parki: Je, Ni Ada au Ni Ukuta?

Kuna jambo moja ambalo tumelinyamazia siku nyingi, na kunyamaza kwetu kumekuwa kama kukubali. Ni bei ya kuingia katika parki za inchi yetu, na bei ya kulala humo katika hema. Watu wasema: "Hayo ni mambo ya watalii." Sivyo. Ni mambo yetu, na leo twataka kuyasema wazi.

Siku moja tulifika mlangoni mwa parki moja pamoja na vijana kumi na wanane wa parokia. Jina la parki tunaliacha. Tulikuwa na viazi, maharagwe, sufuria mbili na mahema ya kuazima. Tulitaka kulala usiku mmoja tu, vijana wasikie sauti za nyama wa porini, na asubuhi turudi nyumbani. Mlinzi, mtu mpole, akatuonyesha karatasi ya bei. Kuingia, bei yake. Kupiga hema, bei yake. Kiongozi wa njia, bei yake. Na zote kwa dola. Tulihesabu feza zetu mara mbili, kana kwamba hesabu ya pili ingeziongeza. Hazikutosha hata vijana watatu. Tukarudi kwa miguu. Njiani kijana mmoja akatuuliza: "Mwalimu, hii parki ni ya nani?" Siku ile hatukumjibu.

Kwanza tuseme neno lisilowapendeza wengine. Hatuko pamoja na wale wanaotaka kiingilio kifutwe chote, eti msitu hauna mwenyewe. Msitu una kazi, na kazi ina watu. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa, na 12 kati yao walikuwa walinzi wa parki ya Virunga. Walinzi wana wake na watoto. Anayetaka nyama walindwe bila kutoa hata franka moja, ataka wengine walipe kwa damu yao. Tena anayelala parkini hutumia maji, kuni na choo, na huacha takataka. Alipe. Haki ni haki.

Lakini twauliza: nani alipe, na kwa ajili ya nini? Hapa ndipo penye kosa. Watu huchanganya vitu vitatu: mlango, kitanda na karamu. Mlango ni kuingia kutazama mali ya inchi. Kitanda ni kulala ndani. Karamu ni ile starehe ya wachache, kama kwenda kuwaona gorila wa milimani. Vitu vitatu haviwezi kuwa na kipimo kimoja.

Karamu na iwe ghali. Mwezi wa Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona gorila toka dola 750 hadi dola 1,500. Wengi walilalamika, sisi hatulalamiki. Kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wanane tu kwa siku, kwa saa moja tu. Kitu kikiwa haba namna hiyo, mwenye nacho alipe sana. Na wakati ule ule Rwanda iliongeza fungu la majirani wa parki toka sehemu 5 hadi sehemu 10 katika 100. Ni vema: tajiri ale karamu, na jirani apate sahani yake.

Kitanda kiwe na bei ya kadiri. Lakini mlango, mlango wa mwenye inchi, uwe mwepesi kusukuma. Tazameni jimbo la Pennsylvania, huko Marekani. Parki zake za jimbo ni zaidi ya 120, na hakuna hata moja inayotoza feza ya kuingia. Anayetaka kupiga hema ndiye alipaye, usiku kwa usiku. Je, Wamarekani hawajui kuhesabu feza? Wajua sana. Tena mwaka 2015 serikali yao kuu ilianza kumpa kila mtoto wa mwaka wa nne wa shule kibali cha bure cha kuingia parki za taifa, pamoja na jamaa walio naye garini.

Mtu atasema: "Wale ni matajiri, sisi ni maskini." Basi tutazame jirani zetu. Kenya na Tanzania, mwenyeji hulipa kidogo kwa shilingi, na mgeni hulipa zaidi kwa dola. Uganda, sehemu 20 katika 100 za kiingilio cha mlangoni huwekwa kwa ajili ya watu wakaao kando ya parki. Hao nao ni maskini kama sisi, lakini walikumbuka kutofautisha mwenye nyumba na mgeni.

Wengine wasema: "Wenyeji wakiingia kwa bei rahisi, wataharibu." Neno hili latuudhi. Nani akataye miti ya Virunga kwa kuchoma makaa? Je, alikuja mlangoni na tiketi? Mchoma makaa hupita gizani, wala hasomi karatasi ya bei. Bei kubwa haimzuii mwizi. Yamzuia mtoto wa shule. Na mtoto huyo hukua. Anaijua parki kwa faini na kwa bunduki tu. Tembo anamjua kwa kuharibiwa shamba tu. Siku mtu wa makaa atakapomjia na feza mkononi, kijana huyo atalinda nini? Hakuna alindaye nyumba asiyoruhusiwa kuiingia.

Kuna neno zito zaidi. Majirani wa parki walikwisha kulipa. Parki ya Virunga ilizaliwa mwaka 1925 kwa amri ya mfalme Albert wa Ubelgiji, ikapanuliwa baadaye. Watu waliokuwa wakilima na kuwinda humo waliambiwa: basi. Kahuzi-Biega ikafanywa parki mwaka 1970, nao Wabatwa wakatolewa katika msitu wa wazee wao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Mtu aliyeacha shamba na makaburi ya babu zake ametoa kiingilio ambacho hakuna mtalii aliyepata kukitoa. Kumtoza tena dola mlangoni ni kumdai mtu anayekudai wewe.

"Lakini sasa ni vita," tutaambiwa, "watalii wenyewe hawaji, mbona mwasema bei?" Twajibu: paa hutengenezwa kabla ya mvua. Mei 2018 Virunga ilifungiwa wageni, ikafunguliwa tena Februari 2019. Kisha vikaja ugonjwa wa Covid na vita tena. Siku ya kufungua itakapofika, bei ya zamani isirudi mlangoni kwa mazoea tu.

Basi twataka mambo manne. La kwanza: bei ya mwenyeji iandikwe kwa franka, kwenye ubao mkubwa, na iwe bei ambayo mlimaji aweza kuilipa. La pili: kila shule iliyo kando ya parki iingie bure siku moja kwa mwaka. La tatu: bei ya hema itengwe na bei ya mlango, na kila feza ipewe risiti. La nne: fungu la majirani lisomwe hadharani katika baraza, hesabu mbele ya watu wote.

Nasi tusijisafishe. Wako kati yetu wampenyezeao mlinzi noti ili wapite bila risiti. Wako wanunuao makaa ya parki wakijua yalikotoka. Anayedai mlango wazi asiingie kwa dirisha.

Yule kijana alituuliza parki ni ya nani. Leo twamjibu: ni yako, pamoja na kazi ya kuilinda. Sasa wenye kupanga bei nao watupe jibu lao.