Anayechagua nyimbo redioni ni mwalimu wa lugha

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani anayemchagulia mchezaji huyo ngoma. Swali hilo limenishughulisha kwa miaka miwili sasa, tangu nilipokubali kusaidia kuchagua nyimbo za kipindi cha muziki kinachosikika kila Jumamosi jioni katika kituo kimoja kidogo cha redio ya jamii huku Pwani. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha isimu chuoni, na hii ya Jumamosi niliidhania kuwa burudani tu. Leo nakiri kwamba nilikosea. Kosa lenyewe ndilo ninalotaka kulijadili hapa, kwa kuwa naamini linamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini.

Kipindi chetu ni cha saa moja. Ukiondoa muhtasari wa habari, matangazo ya matanga na ya mbuzi waliopotea, pamoja na salamu ambazo wasikilizaji wetu hawako tayari kuziacha, hubakia nafasi ya nyimbo nane. Nyimbo nane kwa juma ni nyimbo 416 kwa mwaka, hata kama hakuna wimbo unaorudiwa. Idadi hiyo ni tone tu katika bahari ya nyimbo tulizonazo. Kila wimbo unaopigwa umezifungia mlango nyimbo nyingine chungu nzima. Kwa hivyo anayechagua hawezi kujitetea kwamba anapiga tu kile kilichopo. Yeye huamua ni maneno yapi yatakayoingia jikoni, dukani na kwenye matatu jioni hiyo, na ni yapi yatakayobaki kimya.

Redio ya jamii, kinyume na redio ya biashara, ilianzishwa hasa ili watu wajisikie wakisema kwa lugha yao. Hapa Kenya jaribio la mapema lilifanywa Homa Bay mwaka wa 1982, kwa ushirikiano wa serikali na UNESCO, ambapo kituo kilitangaza kwa Kidholuo. Kilifungwa mwaka wa 1984. Ilibidi tungoje hadi karne hii ndipo vituo vya aina hiyo vikaota tena: Mang'elete kule Ukambani, Koch FM kule Korogocho mwaka wa 2006, Pamoja FM kule Kibera mwaka wa 2007, na vingine kadha wa kadha. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, nayo ikaiagiza serikali ilinde wingi wa lugha za Wakenya. Ikiwa vituo hivi vilizaliwa kwa ajili ya lugha, basi haifai nyimbo zake zichaguliwe kana kwamba wimbo ni mdundo mtupu.

Nilipoanza kazi hiyo nilikuwa na kipimo kimoja: usafi wa lugha. Wimbo wa Kiswahili fasaha ulipita, wimbo wa Sheng ulikwama. Nilimpa nafasi marehemu Juma Bhalo, aliyeyaimba mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Nilimpa nafasi Zein l'Abdin, fundi wa udi kutoka Lamu. Nikawapa Fadhili William na Daudi Kabaka. Vijana waimbao kwa lugha ya mitaani niliwaacha nje ya mlango, na nililala usingizi mzuri.

Aliyeniamsha ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Tulikuwa tukijadili darasani kanuni ambayo mwanaisimu hufundishwa mapema kabisa, kwamba hakuna lugha wala lahaja iliyo duni kwa umbile lake. Akainua mkono na kuuliza, kwa adabu zote: "Mwalimu, ikiwa hakuna lugha duni, mbona siku ya Jumamosi nyimbo zetu hazisikiki?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba redio ina wajibu wa kulea lugha sanifu, naye akaketi. Lakini nilijua kwamba nilikuwa nimemjibu kama mwenye mamlaka, si kama mwenye hoja.

Pigo la pili lilitoka upande ambao sikuutarajia. Jumamosi moja nilipiga wimbo mkongwe wa taarab, wenye vina vilivyopangika barabara na Kimvita kitamu kama halua. Siku mbili baadaye nikampitia mama mmoja mzee wa mtaani kwetu, akiwa ameketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wimbo ule wa juzi ulimpigia nani?"

Nikamwambia kwamba ulikuwa wa wasikilizaji wote. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi umetutukana sote."

Akaniketisha, akanifumbulia ubeti kwa ubeti. Ua lililosifiwa mwanzoni halikuwa ua. Alikuwa mwanamke aliyeachwa na mumewe. Upepo uliotajwa ulikuwa uvumi wa majirani, na wimbo wote ulitungwa ili kumwaibisha harusini mbele ya wanawake wenzake. Mimi mwenye shahada ya uzamifu nilikuwa nimesikia vina. Yeye, ambaye hakuingia darasa la pili, alikuwa amesikia matusi.

Sikupaswa kushangaa. Tangu enzi za Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kwenda kurekodi santuri, fani hii imejengwa juu ya fumbo. Hilo nilikuwa nimelifundisha miaka nenda miaka rudi. Nililolisahau ni kwamba fumbo huhitaji mfumbuzi, na kwamba wafumbuzi wetu wanazeeka. Siku mama yule atakapoondoka, wimbo ule utabaki katika kanda, ukiwa mtamu na usio na maana.

Mambo hayo mawili yalinifundisha somo moja. Nilikuwa nikizihukumu nyimbo kwa mavazi yake. Wimbo niliouona safi ulibeba uchafu nisioujua, na nyimbo nilizoziona chafu sikuwahi hata kuzisikiliza hadi mwisho. Tangu hapo nimekibadilisha kipimo changu, na sasa kinasema hivi: nisichoweza kukieleza, sikipigi.

Hebu tukijaribu kipimo hiki kwa nyimbo za vijana. Mwaka wa 2002, Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo wao "Unbwogable", ambao ulidakwa na wanasiasa wa NARC na kuwa wimbo wa kampeni ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Wapo waliolicheka neno hilo kama upuuzi. Mwanaisimu hawezi kulicheka. Mzizi wake ni wa Kidholuo, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutisha. Kiambishi cha mbele na cha nyuma vimeazimwa kutoka Kiingereza, na jumla yake ni mtu asiyeweza kutishwa. Mwanafunzi anayeweza kulichambua neno hilo ameielewa mofolojia kuliko yule aliyekariri ukurasa mzima wa ufafanuzi. Kabla yao, mnamo miaka ya 1990, vijana wa Dandora waliojiita Kalamashaka walitoa wimbo walioupa jina la "Tafsiri Hii". Naliona jina hilo kuwa agizo kwetu sisi walimu. Vijana walituambia tutafsiri, nasi tukaizima redio.

Najua walimu wenzangu watakavyonijibu. Watasema kwamba Sheng inaharibu insha, na kwamba wao ndio wanaosahihisha daftari, si mimi. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kinachoiharibu insha ni mwanafunzi kutoujua mpaka baina ya lugha ya mtaani na lugha ya darasani. Mpaka haujulikani kwa kuufumbia macho. Mpe mwanafunzi ubeti mmoja wa Sheng, mwambie auandike kwa Kiswahili sanifu bila ya kupoteza maana wala ucheshi, na utagundua mara moja ni nani anayezijua lugha mbili na ni nani asiyejua hata moja. Kazi hiyo ni ngumu kuliko zoezi lolote la ufahamu nililowahi kulitunga.

Wengine watasema kwamba muziki hauhitaji kueleweka. Watatoa mfano wa kundi la Kiingereza, The Tremeloes, lililourekodi upya wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", mwaka wa 1968, na Wazungu wakaucheza. Ni kweli. Lakini Waingereza hawakuwa wakiutegemea wimbo ule kuilea lugha yao. Sisi tunazitegemea nyimbo zetu, kwa sababu katika nyumba nyingi redio husikika zaidi kuliko kitabu kinavyofunguliwa. Isitoshe, sisemi kwamba kipindi cha muziki kigeuzwe darasa. Nusu dakika ya maelezo yenye ucheshi kabla ya wimbo inatosha. Msikilizaji hukasirishwa na mtangazaji anayejaza hewa kwa porojo, hakasirishwi na anayemfumbulia jambo.

Wala sisemi kwamba kila wimbo upigwe. Upo unaomdhalilisha mwanamke, na upo unaowachochea watu wa kabila moja dhidi ya wengine. Huo naukataa, uwe wa Sheng au wa Kiswahili cha malenga, na sababu naitaja hewani. Kukataa bila ya kutoa sababu ndiko kulikonifanya nimnyamazishe mwanafunzi wangu bila ya kumjibu.

Kwa nyimbo zetu nane, basi, tumeweka utaratibu huu. Nyimbo tatu ni za wazee, tatu za vijana, na hupangwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, ili asiwepo wa kuizima redio kwa muda mrefu. Wa saba ni wa lugha nyingine ya hapa kwetu, kama vile mwanzele wa Wagiriama au sengenya ya Wadigo, nao huelezwa kwa Kiswahili. Wa nane ni ule ninaouthamini kuliko yote: wimbo uliorekodiwa na mwanafunzi kutoka kwa mzee wake.

Wimbo huo wa nane unatokana na aibu nyingine tuliyo nayo shuleni. Katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa KCSE, wanafunzi huulizwa kuhusu fasihi simulizi. Muulize mtahiniwa yeyote, atakutajia bila ya kusita kwamba wawe ni nyimbo za kilimo, kimai ni nyimbo za mabaharia, na mbolezi ni nyimbo za maombolezo. Sasa muulize ni kimai gani alichowahi kukisikia kwa masikio yake. Wengi watakukodolea macho. Tumewafundisha watoto majina ya vyakula wasivyowahi kuvionja, kisha tukawapa alama kwa kuvitaja.

Mwanafunzi yule yule aliyeniuliza swali ndiye aliyeleta rekodi ya kwanza. Babu yake ni mvuvi, naye alimrekodi kwa simu wakiwa mashuani. Upepo unavuma, sauti ya mzee inapotea na kurudi, na katikati anaukatiza wimbo ili kumkemea mjukuu kwamba ashike kamba. Kwa kipimo cha studio, rekodi ile haifai. Tuliipiga ilivyo, na kijana mwenyewe akaja hewani kueleza maneno matatu ambayo hata mimi sikuyajua. Juma lililofuata nilipiga wimbo mmoja wa Sheng aliouchagua yeye, baada ya kunifafanulia kila neno, nami nikalazimika kuuliza mara mbili.

Ombi langu kwa walimu ni jepesi. Kama kuna redio ya jamii karibu na shule yenu, mwandikieni msimamizi wa vipindi mumwombe nafasi ya wimbo mmoja tu kwa juma, kisha muwatume wanafunzi kwa wazee wao na simu mkononi. Kama hakuna redio, gwaride la shule lina dakika tano. Nanyi wanafunzi, msingoje mtihani ndipo mwulize. Mfumbuzi wa nyimbo zenu pengine ameketi barazani jioni hii, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Mcheza kwao hutuzwa, ndiyo. Lakini ni sharti kwanza apigiwe ngoma anayoijua, na aambiwe maana ya ile asiyoijua.