Mgomo si Uhuni

Wako Wakristo wenzetu vijijini ambao hata leo, wakisikia habari za migomo ya zamani ya Dar es Salaam, husema, "Ule ulikuwa uhuni wa mjini, polisi walifanya vema kuutuliza." Nao hutegemeza neno lao juu ya Yohana Mbatizaji, aliyewaagiza askari watosheke na mishahara yao. Sisi twasema kwamba hawakulisoma agizo lile lote.

Kwanza yafaa tuyajue mambo yenyewe. Mwezi wa Septemba 1947 wachukuzi wa bandarini waliacha kazi. Baada ya siku chache wakafuatwa na watu wa reli na wengine wengi, na mgomo ukaenea bara kwa njia ya reli ya kati. Wengi wa watu wa kazi walikaa Kariakoo, kandokando ya njia ya Msimbazi, mahali palipopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914–1918. Bandarini wengi walikuwa vibarua wa kutwa: meli ikija hula, isipokuja hulala njaa. Tena vita ya 1939–1945 ilikuwa imepandisha bei ya chakula na nguo, wala ujira haukupanda kadiri hiyo. Je, huo ni uhuni?

Serikali ya Waingereza ilikuwa na jawabu jepesi. Wachukuzi walipogoma mwaka 1943, iliwashtaki kwa amri za wakati wa vita. Mwaka 1944 ikatunga sheria ya kuwaondosha mjini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawafai. Hivyo asiye na kazi aliitwa mhuni. Na mwenye kazi, alipoiacha ili kudai haki, naye akaitwa mhuni. Basi aliyesalia ni nani?

Lakini shauri la 1947 halikumalizwa na rungu. Lilimalizwa na usuluhishi, na ujira wa wachukuzi ukaongezwa. Mwaka 1950 waligoma tena. Safari hii ghasia zikazuka baina yao na polisi, na chama chao kikafutwa.

Hatumtetei mtu ampigaye mwenzake kwa sababu amekwenda kazini. Huyo na akamatwe. Lakini akamatwe kwa fimbo yake, si kwa njaa yake.

Sasa turudi kwa Yohana. Neno lile aliambiwa mwenye silaha, wala hakuambiwa mchukuzi. Tena kabla ya kutaja mshahara, Yohana aliwakataza askari wasimdhulumu mtu wala kumshtaki kwa uongo. Na Mtume Yakobo awaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na Mungu husikia.

Basi, ndugu wasomaji, mtu akiwaambia kwamba amani ni barabara kuwa kimya, mwulizeni, "Na mle nyumbani, wamekula?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Mkristo hana ruhusa ya kutomjua.