Nyumba Moja, Mizani Mbili



Katika dhulma zote, iliyo ngumu zaidi kuikamata ni ile ifanywayo kwa kalamu. Mwizi avunjapo mlango, majirani hupiga yowe. Lakini mtu mwenye leseni anapoingia nyumbani mwako mchana, akapima vyumba, akapiga picha, akakuaga kwa adabu, kisha akaenda kuandika kuwa nyumba yako ina thamani pungufu kuliko nyingine iliyo sawa nayo kwa kila kitu isipokuwa rangi ya wakazi, hapana apigaye yowe. Huenda hata wewe mwenyewe usijue kuwa umepunjwa.

Hiyo ndiyo hali inayowakabili wamiliki wengi weusi wa nyumba nchini Marekani, na ndiyo tuliyokusudia kuizungumza katika tahariri ya mwezi huu. Nasi linatuhusu. Ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wamehamia katika miji kama Minneapolis na Columbus, na baadhi yao wamefikia hatua ya kununua nyumba. Suala la riba katika mikopo ya nyumba limeshazungumzwa sana, nalo si maudhui yetu leo. Tunalosema ni kwamba hata anayeiepuka riba, akanunua kwa mkataba wa ubia au wa murabaha, hawezi kumwepuka mthamini, kwani mwenye mtaji naye hutaka kujua thamani ya nyumba kabla ya kutoa fedha yake.

Tuieleze kwanza kazi yenyewe. Mtu anapotaka kununua nyumba, au kubadili masharti ya mkopo wake, au kukopa kwa dhamana ya nyumba aliyonayo, mkopeshaji humtuma mthamini. Njia inayotumika zaidi ni ya mlinganisho. Mthamini huchagua nyumba za mfano, kwa kawaida zisizopungua tatu, zilizouzwa karibuni katika eneo hilo. Kisha huongeza au hupunguza bei kwa kuangalia ukubwa, idadi ya vyumba, umri na hali ya jengo, na mwisho huandika namba moja. Namba hiyo ikiwa ndogo, mnunuzi hukosa mkopo wa kutosha na mauzo huvunjika; mwenye nyumba hunyimwa masharti nafuu; na mzazi aliyetarajia kuwasomesha watoto kwa dhamana ya nyumba yake hujikuta hana kitu. Kwa familia nyingi za kawaida nchini humo, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote walizonazo, na ndiyo mirathi watakayoacha. Kwa hiyo anayeipunja nyumba ya babu amempunja na mjukuu ambaye hajazaliwa.

Sasa, ndani ya njia hii umo mlango mpana wa rai ya mtu. Ni nani aamuaye kuwa mtaa unaanzia hapa na unaishia pale? Mthamini akiuchora mpaka wake kwa kufuata rangi za wakazi, akachukua mifano yake yote ndani ya mtaa wa weusi na kuziacha nyumba zilizo ng'ambo ya barabara, hesabu zote zitakazofuata zitakuwa sahihi, na jawabu litakuwa batili.

Wala mpaka huo haukuchorwa jana. Mwaka 1932 Frederick Babcock alichapisha kitabu cha uthamini wa majengo kilichofundisha kuwa tofauti ya rangi baina ya wakazi huweza kuishusha thamani kwa kasi kuliko tofauti nyingine yoyote ya kibinadamu. Mwaka uliofuata Homer Hoyt, katika utafiti wake juu ya bei za ardhi mjini Chicago, aliyapanga makabila na mataifa kumi kwa athari yao juu ya bei. Waingereza, Wajerumani, Waskoti, Wairishi na watu wa Skandinavia aliwaweka daraja la kwanza. Watu weusi la tisa. Na Wameksiko la kumi. Wawili hawa hawakubaki na vitabu vyao maktabani. Serikali ilipoanzisha mamlaka ya dhamana ya mikopo ya nyumba mwaka 1934, wote wawili walipewa nafasi humo, na mwongozo wa mamlaka hiyo ukawa unawaelekeza watumishi wake kuhesabu mchanganyiko wa rangi kuwa ni hatari kwa mkopo. Katika miaka hiyohiyo shirika jingine la serikali lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likaigawa mitaa katika madaraja manne, na la chini kabisa likapakwa rangi nyekundu. Mitaa ya weusi karibu yote iliangukia humo.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa mahakama haziwezi kusimamia hati zinazokataza nyumba kuuzwa kwa watu weusi. Mwezi Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ikapitishwa sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi. Lakini elimu ya uthamini ilikuwa imekwisha kujengwa juu ya msingi ule. Hata mwaka 1976, miaka minane baada ya sheria hiyo, serikali ililazimika kuishtaki taasisi kubwa ya wathamini na wenzake kwa kuendelea kufundisha kuwa rangi ya wakazi ni kigezo cha thamani. Taasisi hiyo iliridhia kubadili mafundisho yake mwaka 1977. Leo fomu ya uthamini yenyewe imeandikwa waziwazi kuwa rangi si kigezo. Suali ni je, kilichofutwa kwenye fomu kimefutika pia kwenye namba?

Mwaka 2020, mume na mke weusi wa Marin City, California, waliambiwa kuwa nyumba yao ina thamani ya dola 995,000. Wakaomba tathmini nyingine. Safari hii waliziondoa picha za familia ukutani, na rafiki yao mzungu akasimama mlangoni kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Namba ikawa dola 1,482,500. Mjini Baltimore, mwanahistoria mweusi na mkewe, ambaye naye alikuwa mhadhiri, walipewa dola 472,000 mwaka 2021. Miezi kadhaa baadaye, walipofanya vivyo hivyo, mthamini mwingine aliandika dola 750,000. Insafu inatutaka tuseme kuwa mthamini wa kwanza wa Baltimore alikana kuwa alibagua, na kuwa kesi ya Marin City ilimalizika Machi 2023 kwa maafikiano. Lakini hebu fikiri, ewe msomaji, juu ya mama anayezishusha picha za wanawe mwenyewe ukutani ili nyumba aliyoitolea jasho ipate bei yake. Ni fedheha gani hiyo?

Visa viwili si dalili tosha, basi tuangalie yaliyo mapana. Watafiti wa taasisi ya Brookings walionesha mwaka 2018 kuwa katika mitaa ambayo nusu ya wakazi ni weusi, nyumba ilithaminiwa pungufu kwa asilimia 23 ikilinganishwa na iliyo sawa nayo katika mitaa isiyo na weusi au yenye wachache mno, hata baada ya kuzingatia ubora wa nyumba na huduma za mtaa. Walikadiria hasara kuwa wastani wa dola 48,000 kwa kila nyumba, na jumla ya dola bilioni 156. Mwaka 2021 shirika la Freddie Mac lilipitia tathmini zaidi ya milioni 12. Likakuta kuwa katika mitaa yenye weusi wengi, asilimia 12.5 ya tathmini zilikuwa chini ya bei ambayo muuzaji na mnunuzi wamekwisha kukubaliana. Katika mitaa ya Walatino ni asilimia 15.4, na katika mitaa ya wazungu ni 7.4. Zingatia hapo: mnunuzi yupo, bei ameikubali, fedha yuko tayari kuitoa, kisha mtu wa tatu anasema nyumba haifikii.

Ipo shubha inayotajwa sana, nayo inastahiki kujibiwa kwa heshima. Wasemao wanasema: mthamini ni kioo tu, soko ndilo lenye sura, ukiichukia sura usikivunje kioo. Wapo pia watafiti walioipinga hesabu ya Brookings wakidai kuwa kipato na hali za wakazi zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Tunajibu kwa mambo mawili. Kwanza, soko hilo halikuota lenyewe kama majani ya mvua. Lilipandwa na serikali, likamwagiliwa na benki, likafundishwa vyuoni. Mthamini anayeichukua bei ya jana kuwa ushahidi wa bei ya leo anakuwa mrithi wa ramani nyekundu hata kama moyoni mwake hana chembe ya chuki. Pili, lau yangekuwa ni mabaki tu ya zamani, yangetarajiwa kupungua kadiri miaka ipitavyo. Lakini utafiti wa Junia Howell na Elizabeth Korver-Glenn, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha kuwa baina ya 1980 na 2015 pengo la bei kati ya mitaa ya wazungu na mitaa mingine inayofanana nayo lilipanuka. Kidonda cha zamani kinachozidi kupanuka kimo katika kuchokolewa.

Na hapa ndipo tulipofika kwenye kiini cha maneno yetu. Nyumba hiyohiyo hupimwa na mkono mwingine, nao ni mkono wa mtoza kodi. Ungetaraji kuwa nyumba iliyoshushwa bei ingepata angalau nafuu ya kodi. Sivyo. Utafiti wa wachumi Carlos Avenancio-León na Troup Howard ulionesha kuwa ndani ya eneo moja la kodi, familia za weusi na za Walatino hubeba mzigo wa kodi ya majengo ulio mkubwa kwa asilimia 10 hadi 13 kuliko wa wazungu, kwa nyumba zenye thamani ileile sokoni. Mjini Detroit, ambako wakazi walio wengi ni weusi, bei za nyumba ziliporomoka baada ya mwaka 2008, lakini makadirio ya kodi hayakushushwa inavyopasa, ingawa katiba ya jimbo la Michigan inakataza makadirio kuzidi nusu ya thamani halisi. Gazeti la Detroit News lilihesabu mwaka 2020 kuwa wenye nyumba walitozwa zaidi ya haki kwa kiasi kisichopungua dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Maelfu walinyang'anywa nyumba zao kwa deni la kodi.

Tazama basi. Nyumba hiyohiyo, mwenyewe anapotaka kukopa au kuuza, mizani inasema ni nyepesi. Anapotakiwa kulipa, mizani inasema ni nzito. Wenye kuisoma Qur'ani wanajua kuwa sura ya 83 imepewa jina la watu wa sampuli hii: wenye kutimiziwa wapokeapo na kupunguza wapimiapo wengine. Makemeo yale hayakushuka juu ya wauza nafaka peke yao.

Juhudi za kurekebisha zimekuwapo. Mwaka 2021 serikali ya Rais Biden iliunda jopo la kushughulikia upendeleo katika uthamini, likatoa mpango wake Machi 2022, na mwaka 2024 zikawekwa taratibu za wakopaji kuomba tathmini ipitiwe upya. Machi 2025, chini ya serikali iliyofuata, Wizara ya Nyumba ilizifuta kanuni hizo upande wa mikopo inayodhaminiwa na serikali. Haki inayoegemea amri ya mtawala mmoja huondoka naye, ila sheria ya mwaka 1968 ingali ipo.

Wala tusidhani kuwa sisi tumesalimika. Mji wa Dar es Salaam wakoloni waliugawa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ikapata viwanja vipana na barabara, na Kariakoo ikapewa vijumba vilivyosongamana. Kanuni zile zimeondoka, lakini ni nani asiyejua kuwa bei ya kiwanja bado inazikumbuka? Mthamini wa fidia anayeingia katika mtaa wa masikini na kuandika kidogo kwa kuwa "ni uswahilini tu" anaishika mizani ileile.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, tunausia mambo manne. Kwanza, muwe na jalada lenye stakabadhi za kila tengenezo la nyumba, na mdai nakala ya ripoti ya mthamini. Isomeni: vyumba vimehesabiwa sawa? Nyumba za mfano zimetolewa wapi? Pili, mkiona kasoro, mwandikieni mkopeshaji mkitaja nyumba za mfano zilizo bora zaidi. Ikidhihiri kuwa ni ubaguzi, malalamiko hupelekwa Wizara ya Nyumba ndani ya mwaka mmoja, na mahakamani ndani ya miaka miwili. Tatu, makadirio ya kodi yana tarehe ya mwisho ya kuyapinga. Msiiache ipite kwa kudhani kuwa barua ya serikali haijibiwi. Nne, vijana wenu waingie katika fani hii, kwani zaidi ya tisa katika kila wathamini kumi ni wazungu.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito kuliko yote kwa sababu linatugusa nafsini. Soko ni sisi. Mnunuzi anayemwuliza dalali, kabla ya kuuliza habari ya maji au shule, "majirani ni watu gani?", kisha akakunja uso kwa jibu, naye ameweka kidole chake juu ya mizani. Tukitaka wengine watupimie kwa haki, tuanze na kidole chetu.