Omena, Ubongo na Deni la Kiswahili

Utafiti wa ubongo wa panya umebainisha kwamba asidi amino haziingii humo zenyewe. Huvushwa na protini maalumu, mithili ya mashua na abiria. Lakini mashua haizai abiria: lisini na triptofani sharti zitokane na chakula. Mahindi yana upungufu wa zote mbili, ilhali omena wa Homa Bay na Migori wanazo tele. Ajabu ni kwamba omena wengi husagwa kuwa chakula cha kuku. Wanaisimu wasijitenge na suala hili. Huko Migori, Mjaluo na Mkuria aghalabu huelewana kwa Kiswahili. Basi protini hizo na ziitwe “vivushi”, na elimu hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ili mzazi aamue nani atangulie kula omena: mtoto au kuku.